Nyumba Isiyo na Dawa

Watu wa mtaa ule walimwita Daktari, ingawa udaktari hakuusomea hata siku moja. Kwa miaka thelathini na moja alikaa nyuma ya kidirisha cha zahanati akihesabu vidonge juu ya kisahani, akivitia kwenye bahasha ndogo na kuandika juu yake: kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula. Madaktari wenyewe walikuja wakahamishwa, wakaja wengine wakahamishwa, yeye akabaki pale pale, basi jina likamganda. Mwanzoni alikuwa akilikataa kwa adabu, "Hapana jamani, mimi ni mtoa dawa tu." Baadaye alichoka kukataa, na mwishowe akawa anaitika hata kabla hajaitwa.

Alipostaafu alipewa saa ya ukutani na hotuba fupi, akarudi nyumbani kumsumbua mkewe. Mkewe alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule sebuleni, na hakuna fundi anayeweza kukata kola vizuri huku mume amesimama nyuma yake akiuliza kwa nini uzi ni wa buluu. Alivumilia siku kumi na nne. Siku ya kumi na tano aliweka mkasi chini akamwambia, "Baba wee, nje kuna uwanja. Nenda kaulime."

Uwanja wenyewe haukuwa uwanja wa kujisifia. Ulikuwa kipande cha ardhi kati ya nyumba na ukuta wa jirani, hatua kumi na tano kwa urefu, kumi kwa upana, kinachotosha kuanikia nguo na kutupia viti vilivyovunjika. Daktari alianza na mchicha, ukaota, akashangaa. Kisha akasikia kuna mafunzo ya siku mbili ya kilimo hai kwenye ukumbi wa shule, yanafundishwa na Bwana Shamba wa eneo lile, akaenda. Alikwenda mtu, akarudi mhubiri.

Tusimnyime haki yake, kazi aliijua. Alichimba shimo la mboji akapanga tabaka kwa tabaka, majani makavu, maganda ya jikoni, samadi ya kuku, majivu, akaligeuza kila wiki kwa uma na kulichungulia jinsi mtu anavyochungulia sufuria. Maji yaliyooshea mboga yalikwenda kwenye nyanya. Magunia aliyatoboa pembeni akapanda spinachi kila tundu, ndoo zilizopasuka zikapata vitunguu, na miche ilikaa kwenye makopo matupu ya vidonge aliyokuwa ameyakusanya kazini, maandishi yakiwa bado ubavuni, mpaka ukiyatazama kwa mbali ungesema anaotesha vidonge. Mkewe alikatazwa kutupa hata ganda la yai. Miezi mitatu ilipopita, nyumba ile ilikuwa haijanunua jani hata moja sokoni.

Ubaya wake ulikuwa mdomo. Majani yaliyotobolewa na viwavi aliyaita ushahidi. "Kiwavi si mjinga," aliwaambia watu. "Asichokula yeye, usile wewe." Jirani wa upande wa pili wa ukuta, mzee mmoja aliyejulikana kwa jina la Mzee Bomba kwa sababu bomba la kupulizia dawa halikumtoka mgongoni, alikuwa na nyanya nene, nyekundu, zisizo na doa. Daktari alizitazama juu ya ukuta kila asubuhi akitikisa kichwa kama anayetazama maiti. Yeye mwenyewe alichanganya pilipili, vitunguu saumu na sabuni, akanyunyizia mboga zake. Mkewe alimwuliza kama hiyo nayo si dawa.

"Hiyo ni maji," alijibu Daktari.

"Maji yanayowasha macho?"

"Maji yenye msimamo."

Kisha akachukua bati, akalipaka rangi nyeupe, akaandika kwa herufi kubwa nyekundu: NYUMBA HII HAITUMII DAWA. Akalitundika langoni. Siku ya pili yake mwanamke mmoja, mgeni wa mtaa, alibisha hodi akauliza maombi yanaanza saa ngapi na kama anaweza kumleta dada yake anayeumwa miguu. Daktari alicheka mpaka akashika mbavu. Alikisimulia kisa hicho wiki nzima, na katika wiki nzima hiyo hakikumfundisha kitu.

Sasa katika nyumba ile alikuwamo mama mzazi wa Daktari. Chumba chake dirisha lake lilitazama bustani. Alikuwa mama mwenye masikio mazuri, akili timamu, na presha ya miaka kumi na moja iliyotulizwa kwa kidonge kimoja cha asubuhi. Kidonge hicho kwa miaka yote alikipokea mkononi mwa mwanawe, na glasi ya maji, kabla mwanawe hajakwenda kazini. Kwa mama yule, neno la mwanawe kuhusu dawa lilikuwa limefungwa na mhuri. Majirani wakimwambia kitu alijibu, "Ngoja nimwulize mwanangu. Ndiye anayezijua."

Jioni moja mezani, mke akiwa jikoni, Daktari alishika uma wenye mchicha akaanza.

"Unajua watu wanakula nini wakinunua sokoni? Dawa. Na dawa ni sumu."

Mama alisimamisha kijiko. "Dawa ni sumu?"

"Sumu, mama. Wanatuambia inatusaidia. Inawasaidia wanaoiuza."

"Hata ukitumia kidogo kidogo?"

"Kidogo kidogo ndiyo mbaya zaidi! Ukinywa nyingi kwa mara moja utatapika, utajua. Hii ya kila siku inajikusanya kwenye damu polepole, miaka kumi, wewe hujui."

"Kumi na moja," alisema mama.

"Hata kumi na moja," alikubali Daktari, akifurahi kwamba hatimaye yuko mtu anayesikiliza.

Kesho yake, mwanawe akiwa kwenye shimo la mboji, mama alikusanya vidonge vyake vyote, akavitia kwenye mfuko, akaufunga mafundo mawili. Kisha akachukua jembe dogo akavizika nyuma ya choo, mbali na matuta, maana alikuwa mtu wa kufuata masharti na aliambiwa dawa isikaribie mboga. Alimaliza, akanawa mikono, akakaa kivulini akijisikia mwepesi. Mwanawe hakujua. Tunajua sisi.

Angejua, kama angekuwa bado anakitoa kidonge kwa mkono wake. Lakini saa ya kidonge ilikuwa imegeuka saa ya kumwagilia kabla jua halijapanda. "Mama, dawa yako unajua ilipo?" angepaza sauti kutoka kwenye spinachi, bila kuinua kichwa. "Najua ilipo," mama angejibu, na uongo hakusema.

Wiki ya kwanza ikapita salama. Ya pili, mama akaanza kushika kisogo. Akasema masikio yanalia, akasema akiinama anaona nyota. Daktari alimtazama kwa furaha ya mtaalamu.

"Ni sumu inatoka," alisema. "Mwili unajisafisha. Ni zile mboga za sokoni za miaka yote."

"Nami nilidhani hivyo hivyo," alisema mama, wakaelewana kabisa.

Daktari akamwongezea bilauri ya maji ya spinachi kila asubuhi. Mkewe, ambaye hakuhudhuria mafunzo yoyote, aliacha cherehani akamfuata nje. "Mpime mama presha. Rangi yake siipendi."

"Presha itapandia wapi? Anameza kidonge chake, anakula mboga safi. Wewe shona."

Kipimo cha presha kilikuwa kwenye droo, chini ya pakiti za mbegu. Angekitoa kwa dakika moja. Hakukitoa, na mimi simtetei.

Alikuwa na lake kichwani. Bwana Shamba alikuwa amemwahidi kwamba bustani yake ikipita ukaguzi itakuwa bustani ya mfano ya eneo zima, na bango lingesimikwa langoni, bango la kweli la kiwandani, lenye jina lake. Kidirisha cha zahanati hakikuwahi kumpa bango. Miaka thelathini na moja watu waliona mikono yake tu, inatoka, inatoa, inarudi ndani. Safari hii wangeuona uso.

Jumamosi ya ukaguzi ikafika. Walikuja wanawake wa kikundi cha akiba, walimu wawili, majirani, jumla kama watu ishirini, wakaketi kwenye viti vya kuazima. Mzee Bomba naye alikuja, akakaa mwisho kabisa, mikono kifuani. Bwana Shamba alifika na gari la ofisi, bango limelala nyuma, limefunikwa kwa turubai. Daktari alikuwa amevaa koti lake jeupe la zahanati, limepigwa pasi, na chini yake mabuti ya mpira. Aliwazungusha wageni kutoka tuta hadi tuta, na kila aliposema "bila dawa" alinyoosha kidole juu.

"Kanuni ni moja tu," Bwana Shamba aliwaambia wageni. "Tone moja la dawa likigusa bustani hii, bango narudi nalo ofisini. Ndiyo maana ni watu wachache wanaoweza. Je, kuna mtu wa nyumba hii wa kutupa ushuhuda?"

Mke wa Daktari alikuwa anatazama mikono yake. Mama akainuka. Aliinuka polepole, akashika kiti, akasubiri dunia itulie, akatabasamu.

"Mimi nitasema. Mwanangu alinifundisha mezani, nami nikashika. Leo ni wiki ya tatu nimeacha dawa kabisa. Sigusi hata moja."

Wageni wakapiga makofi. Bwana Shamba akapiga kwa nguvu kuliko wote. "Mmesikia?" alisema. "Bibi wa umri huu ameacha dawa! Sisi vijana tuna kisingizio gani?"

Makofi yakaongezeka. Daktari naye alipiga, mara tatu, nne, uso umemng'aa. Kisha mikono yake ikapungua kasi. Mama hakuwa na tuta. Hakuwa na bomba. Hakuwahi kupulizia kitu chochote katika nyumba ile, hata mbu. Ameacha dawa gani?

Mikono ikasimama hewani. Alimwona mama yake kama aliyekuwa hayupo wiki tatu, akiwa amerudi sasa hivi: macho mekundu, mshipa wa shingo unaruka, vidole vimeng'ang'ania mgongo wa kiti.

"Mama," alisema, "kidonge chako cha asubuhi unameza?"

"Nimekwambia nimeacha. Hukusikia? Wenzako wamesikia."

Alikimbia ndani na mabuti yake. Alirudi na kipimo, mbegu za bilinganya zikimdondoka mkononi, akamfunga mama mkanda mkononi pale pale mbele ya watu, akajaza upepo, akasikiliza. Mia na tisini na tano kwa mia na kumi na tano. Akapima tena kwa sababu hakutaka kuamini, na kipimo hakikubadili maneno. Wageni, ambao walidhani hii nayo ni sehemu ya maonyesho, walinyoosha shingo waone vizuri.

Mkewe alikuwa wa kwanza kuelewa. Hakumlaumu, akaenda ndani akarudi na glasi ya maji na pakiti mpya ya vidonge, maana mtoa dawa mstaafu hakosi akiba. Bwana Shamba, aliyekuwa na mama pia, aliwasha gari. "Aingie mbele, tumpeleke hospitali sasa hivi."

"Meza kwanza, mama," alisema Daktari. "Kisha twende."

Mama alikitazama kidonge kwenye kiganja chake. "Hiki si sumu?"

"Si sumu. Mimi nilisema dawa ya mimea, mama. Ya wadudu. Hii ni dawa nyingine."

"Ina jina gani, hiyo nyingine?"

"Dawa."

"Na ile ya wadudu?"

Katika viti mtu mmoja akakohoa, nadhani alikuwa Mzee Bomba.

"Neno moja, mwanangu, ukinipa, mimi nitaligawaje?" alisema mama. Hakuwa mkali, alikuwa anauliza kweli. "Miaka thelathini na moja uliwapa watu dawa, ukisema ni nzuri, na ulikuwa unalipwa. Ulipostaafu ukasema ni sumu. Nikajiambia, sasa halipwi na mtu, sasa anasema kweli. Nilidhani umetubu."

Maneno hayo yalimwingia Daktari mpaka akaona haya kuwa na uso. Alipiga magoti kwenye udongo wake mzuri, koti jeupe na yote, akasema, "Mama, nilikosea kusema. Nakuomba. Dawa ni nzuri."

"Mbele ya watu?"

Akageuka kwa watu. "Dawa ni nzuri," alisema.

"Maneno tu hayo," alisema mama. "Hata siku ile yalikuwa maneno, lakini ulitundika na bati. Kama dawa ni nzuri, zipe na mboga zako. Nikiona umezipa, nami nitakunywa. Vinginevyo nitajuaje unasema kwa moyo, au unasema kwa kuwa kuna gari nje linanguruma?"

Mkewe alisema, "Mama, jamani." Bwana Shamba alisema kitu kuhusu muda. Lakini walioishi na mama yule walijua kwamba ukimvuta mkono atakaa chini, na akikaa chini presha itapanda zaidi, na Daktari alikuwa ameyaona ya presha kwa miaka mingi kupitia kidirisha kile. Watu waliingia na kichwa kinachouma, wakatoka wamebebwa.

Mzee Bomba alikuwa ameshasimama. Hakutabasamu, na hilo nitamsifu nalo. Alikwenda kwake, akarudi na bomba lake la mgongoni, limejaa.

"Nimechanganya ya kawaida," alisema. "Au unataka kali?"

Mke wa Daktari alimnong'oneza mumewe akalimwage bomba nyuma ya choo, atie maji matupu. Hata sauti hiyo mama aliisikia. "Nilete ninuse," alisema. Akaletewa, akanusa, akakunja pua. "Ndiyo yenyewe. Hii inakuja dirishani kwangu kila Jumanne."

Basi Daktari alivaa bomba la jirani juu ya koti jeupe, akasogea kwenye mchicha wake. Mkono wake mmoja ulipiga pampu, mwingine ulishika fimbo ya kupulizia, na ukungu mweupe ukashuka juu ya majani yaliyotobolewa. Wageni waliziba pua wakarudi nyuma mpaka ukutani. Alipulizia mchicha. Alipulizia magunia ya spinachi, tundu kwa tundu. Alipulizia nyanya, vitunguu, na miche iliyokuwa kwenye makopo ya vidonge. Bwana Shamba aliinamisha kichwa, akavuta turubai vizuri juu ya bango. Miezi mitano ya kazi ililowa ndani ya dakika nne, na kila mara Daktari alipogeuka alimwona mama yake, ambaye mkewe alikuwa amemketisha kwenye kiti mlangoni, kidonge kiganjani, anamfuatisha kwa macho.

Aliporudi alikuwa anahema. "Tayari, mama. Meza."

Mama alinyoosha kidole. "Na zile?"

Nyuma ya pipa la maji palikuwa na tuta moja dogo la kabichi, bora kuliko zote, zimefunga vichwa kama ngumi, ambazo Daktari hakuzipitia. Aliziruka kwa makusudi. Alikuwa amejiambia kwamba kutoka mlangoni hazionekani, na kwamba Bwana Shamba akirudi siku nyingine, kwa utulivu, wanaweza wakazungumza kuhusu zile peke yake. Huyo ndiye mwanadamu. Mama yake anakufa kwenye kiti, yeye anaficha kabichi.

Mkewe alimtazama. Watu wote ishirini walimtazama. Daktari alikwenda nyuma ya pipa, akazipulizia, na kwa aibu alizirudia mara ya pili, kichwa kwa kichwa, mpaka zikatiririka.

Mama aliona tone likidondoka kwenye jani la nje. Akatia kidonge kinywani, akapokea glasi, akameza.

"Ni chungu," alisema. "Lakini kama tumekunywa wote, sawa."

Akanyoosha mkono ainuliwe. Daktari alimwinua, akamkumbatia kiunoni, wakaenda hatua kwa hatua kwenye gari lililokuwa linanguruma, bomba bado liko mgongoni mwake, yeye akilia waziwazi wala hajifuti.